Kola Shingoni, Pesa Kwa Simu: Kujua Ng'ombe Wako wa Nyama Amepata Joto Lini

Ng'ombe wa maziwa anaonekana mara mbili kwa siku. Asubuhi unamkamua, jioni unamkamua, na ukiwa makini utajua tu: leo maziwa yamepungua, hatulii, analia lia, basi yuko kwenye joto. Ng'ombe wa nyama hana hiyo bahati. Anatoka bomani asubuhi, anatembea kilomita kadhaa akifuata nyasi na maji, anarudi jioni akiwa katikati ya vumbi la wenzake. Hakuna anayemshika. Akipata joto saa nane usiku na liishe kabla ya saa nne asubuhi, nani atajua? Unakuja kushtuka mwaka umepita na bado hana ndama.

Ndiyo maana siku hizi kwa mitandao unaona matangazo ya kola za ng'ombe, hereni zenye betri, vifaa vya kufunga mkiani, na vyote vinaahidi kukutumia ujumbe kwa simu ng'ombe akiwa tayari kupandwa au akikaribia kuzaa. Wateja wetu wenye mifugo wanatuuliza: hii kitu ni ya kweli, ama ni njia mpya ya kulamba pesa za watu? Jibu letu fupi ni kwamba teknolojia yenyewe ni ya kweli, na imeanza kitambo. Lakini kuna watu watainunua na isiwasaidie hata kidogo, na tungependa usiwe mmoja wao.

Siku 82

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea bila kelele.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, na kwa ng'ombe wenye nundu kama Boran huongezeka siku chache. Mwaka una siku 365. Kama unataka ndama mmoja kila mwaka kutoka kwa kila ng'ombe, umebaki na siku 82 hivi tangu azae mpaka ashike mimba nyingine. Sasa toa wiki 6 za mwanzo, ambapo tumbo la uzazi bado linapona na mara nyingi hakuna joto la maana. Umebaki na siku 40. Na joto hurudi kila baada ya siku 21 kwa wastani.

Yaani ng'ombe wako ana nafasi mbili tu. Ikipita ya kwanza bila mtu kuona, umebaki na moja. Ikipita hiyo pia, ndama wa mwaka huo umechelewa, na ukichelewa miaka miwili mitatu mfululizo umepoteza ndama mzima bila ng'ombe hata mmoja kufa.

Tuseme una ng'ombe 30 wa kuzaa kule Kajiado na wewe unafanya kazi Nairobi. Tuseme 6 kati yao wamekaa bure mwaka huu, na ndama aliyeachishwa kunyonya kwenye soko lako anauzwa 30,000. Hizo ni shilingi 180,000. Weka bei ya soko lako mwenyewe ufanye tena hiyo hesabu. Wakati huo wote hao 6 wamekula nyasi, wamekunywa maji ya kulipia, wamepigwa dawa ya kupe na wamelindwa usiku kama wale wengine.

Joto lenyewe halina subira. Ng'ombe wa aina ya nundu, ambao ndio wengi wetu tunao, hukaa kwenye joto muda mfupi kuliko wale wa kizungu, mara nyingi chini ya masaa 12, na mara nyingi usiku. Kama unatumia mbegu za kuhifadhiwa, ile kanuni ya zamani bado inafanya kazi: ukimwona kwenye joto asubuhi, mhimilishe jioni, ukimwona jioni, mhimilishe asubuhi inayofuata. Yai hutoka takriban siku moja baada ya joto kuanza, na mbegu inafaa iwe imefika mapema ikimngoja. Mbegu ambayo imehifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri haitakusaidia ikiwekwa kesho kutwa.

"Mimi niko na fahali, kazi ni yake"

Tunajua wengi wenu mnasema hivyo, na mko sawa kwa sehemu. Fahali hahitaji kola kujua nani yuko kwenye joto. Pua yake inashinda kifaa chochote.

Shida ni: nani anamwangalia fahali? Mmoja mzima, mwenye nguvu, anaweza kuhudumia ng'ombe 25 hadi 30. Akiumia mguu, akizeeka, au akipata ugonjwa wa uzazi, bado utamwona akipanda. Anaonekana ana bidii sana kumbe anapiga hewa tu. Kuna magonjwa ambayo husambazwa kwa kupandana kwenyewe, kama trikomonasi na vibriosi, hasa pale majirani wanapoazimana fahali. Fahali mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Ng'ombe ndio wanarudi kwenye joto, tena na tena, na kwa macho ya kawaida huoni, kwa sababu leo karudi huyu, Ijumaa yule, na mchungaji hawezi kukumbuka tarehe za wote 30.

Kifaa hukumbuka. Hapo ndipo tunaona faida yake kubwa kwa mtu mwenye fahali, hata kuliko kuonyesha joto. Ukiona kwenye simu kwamba ng'ombe 10 waliopandwa Machi wamerudi wote baada ya siku 21, hiyo si bahati mbaya ya ng'ombe 10. Ni fahali. Unaita daktari wa mifugo ampime Aprili, badala ya kungoja Desemba uone boma halina ndama.

Kifaa kinasikia nini hasa

Wazo ni la zamani kuliko intaneti ya simu. Mwaka wa 1977 mtafiti wa Marekani, C. A. Kiddy, alichapisha utafiti kuhusu ng'ombe wa maziwa waliovalishwa vipima hatua miguuni. Ng'ombe akiwa kwenye joto anatembea zaidi ya kawaida yake, mara mbili na wakati mwingine zaidi. Kola za leo zinafanya kazi hiyo hiyo kwa kitambuzi kidogo kinachopima jinsi shingo au sikio linavyosonga. Nyingi pia zinahesabu dakika za kucheua, kwa sababu ng'ombe mwenye joto hupunguza kucheua. Programu haimlinganishi na ng'ombe wa kitabuni, inamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana na juzi.

Sasa fikiria malisho yetu. Siku mnahamisha ng'ombe kilomita 15 kutafuta nyasi, wote watatembea mara tatu. Usiku simba akizunguka boma, wote watakimbia kimbia. Kifaa kizuri kinaangalia kundi zima na kuelewa kwamba kama wote wamesonga, hakuna aliye kwenye joto. Kifaa kibaya kitakutumia arafa 30 usiku mmoja. Hilo ni swali la kwanza la kumuuliza muuzaji: je, kimejaribiwa na ng'ombe wanaochungwa, au ni wale wa kulishwa zizini tu?

Kuna njia nyingine za kutambua joto. Marekani tangu miaka ya 1990 kumekuwa na kitufe kinachobandikwa juu ya mkia, ng'ombe akipandwa na mwenzake kinabonyezwa na kutuma ishara ya redio. Ireland kampuni ya Moocall ilitengeneza kola ya kumvalisha fahali: ng'ombe wana hereni za kielektroniki, na fahali anapowakaribia na kuwapanda kola yake inasoma ni nani. Tunaipenda hii kwa sababu unanunua kola moja au mbili badala ya 30, na fahali ndiye anakufanyia kazi ya upelelezi. Kampuni hiyo hiyo ina kifaa cha kufunga mkiani kwa ng'ombe anayekaribia kuzaa. Kina laini ya simu ndani, kinapima jinsi mkia unavyosonga wakati wa uchungu, na kinatuma arafa takriban saa moja kabla ya ndama kutoka. Kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza, saa hiyo moja inaweza kuokoa wawili.

Na kama pesa ni kidogo, kuna rangi ya kupaka juu ya mkia na vibandiko vinavyokwaruzika. Havitumi arafa, lakini ukiona rangi imefutika asubuhi bomani, kuna mtu alipandwa usiku. Mtu mwenye ng'ombe 8 anayewaona kila asubuhi hana haja ya kola, tuseme ukweli.

Boma ni utajiri

Tulipokuwa tunasoma kuhusu hii mada, mfano uliojitokeza sana ni wa kaskazini mwa Australia. Kule mashamba ni makubwa kiasi kwamba ng'ombe wengine hukusanywa mara moja au mbili tu kwa mwaka. Mwenyewe hajui nani alishika mimba, nani alizaa, nani alipoteza ndama. Wakaamua kutumia maji. Ng'ombe lazima anywe, kwa hivyo wanaweka mzani kwenye njia ya kuingia mahali pa maji, hereni inasomwa, uzito unaandikwa, mtu hayuko. Watafiti wa CQUniversity, kule Rockhampton, walionyesha kwamba uzito wa ng'ombe ukishuka ghafla kwenye mzani huo unaweza kukadiria alizaa siku gani. Na wakiangalia nani anapita mzanini karibu na nani, wanaweza kujua ndama yupi ni wa mama yupi.

Ni akili sana. Lakini sisi tuna kitu ambacho wao hawana: boma. Kwetu ng'ombe wanalala pamoja kila usiku. Kule Laikipia, Ol Pejeta na mashamba mengine, wanalala ndani ya boma za vyuma zinazohamishika ili wanyama wakali wasiwafikie. Hii inamaanisha huhitaji kuweka mitambo ya mawimbi kwenye ekari elfu moja. Unahitaji antena moja, paneli ya sola na laini moja ya simu, hapo bomani. Kola zinahifadhi habari mchana kutwa, zikirudi jioni zinaimwaga.

Kuna gharama yake pia. Ng'ombe aliyeanza joto saa mbili asubuhi akiwa malishoni, wewe utajua saa kumi na mbili jioni. Masaa 10 yamekwenda. Kwa mwenye fahali si neno, fahali yuko naye huko huko. Kwa anayetumia mbegu, itabidi daktari aje jioni hiyo hiyo au alfajiri kabisa, na akisema nitakuja mchana umeshachelewa. Aliyeanza joto usiku bomani ndiye rahisi, na bahati nzuri kwa aina ya Boran hao si wachache.

Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote, swali si bei ya kola. Ni hili: daktari wako wa kuhimilisha yuko umbali gani na boma, na anashika simu saa ngapi?

Arafa imefika, halafu?

Hebu tuwazie. Ni saa tatu usiku, uko Nairobi, simu inalia. Unampigia anayekuchungia.

"Mzee, habari za usiku. Simu inasema 0417 ako kwa joto."

"Salama, kijana wangu. 0417 ndiye nani?"

"Imeandikwa kwa hereni yake."

"Sasa nishike masikio 30 na tochi?"

Unacheka, lakini hapa ndipo mifumo mingi hufia. Mchungaji anawajua ng'ombe vizuri kuliko programu yoyote. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Lugha ya Kimaasai peke yake ina maneno mengi ya rangi za ng'ombe. Mfumo unawajua kwa nambari. Lazima mtu akae siku moja kwenye krashi aandike: 0417 ni yule wa kijivu mwenye pembe iliyovunjika, binti wa fulani. Hiyo orodha iwe kwa simu yako na iwe imechapishwa ukutani nyumbani kwa mchungaji. Programu nyingi zinakuruhusu kubadilisha nambari kuwa jina. Badilisha.

Jambo lingine ni simu yenyewe. Wewe una simu ya kisasa, mzee ana kabambe. Kama kifaa kinatuma habari kwenye programu peke yake, mtu aliye karibu na ng'ombe hatapata chochote. Tafuta mfumo unaotuma arafa ya kawaida, na kwa nambari mbili au tatu. Na ikiwezekana, weka kitu kidogo kwa ajili ya huyo anayeamka usiku. Shilingi kadhaa kwa simu yake kila ng'ombe anayethibitishwa kuwa na mimba ni malipo yanayojilipa.

Kola ikinyamaza

Hii ndiyo sehemu wauzaji hawapendi kuizungumzia. Unaweza kuvalisha kola ng'ombe 30, wiki 8 zipite, na usipate arafa hata moja. Utafikiri umeuziwa mbao.

Inawezekana betri imekufa. Inawezekana pia kola iko sawa kabisa na inakuambia ukweli: hakuna joto. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa, ananyonyesha na nyasi hakuna, mwili wake unazima uzazi. Unaokoa maisha kwanza. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na hata waliobaki hai, wengi hawakuzaa kwa wakati. Hakuna kitambuzi kinachoweza kutengeneza joto ambalo halipo.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu kifaa, simama nyuma ya ng'ombe uangalie mbavu na uti wa mgongo. Kama unahesabu mbavu zote kutoka mbali, pesa za kola zingefaa ziende kwa nyasi kavu, chumvi ya madini na dawa ya minyoo. Sisi hatuuzi nyasi wala kola, kwa hivyo tunaweza kusema hivyo bila kuogopa. Ila ujue kimya hicho kina faida yake: umejua wiki ya 8, si mwezi wa 12. Bado unaweza kuamua nani alishwe zaidi, nani aachishe ndama mapema, na nani auzwe angali na bei.

Ujumbe wa malipo ni daftari

Sasa tuingie kwenye eneo letu. Kuna rekodi moja ya uzazi ambayo wafugaji wengi tayari wanayo na hawajui: ujumbe wa kuthibitisha malipo.

Ukimlipa anayehimilisha kwa simu siku ile ile aliyofanya kazi, ujumbe unaopata una tarehe, saa, kiasi na jina lake. Hiyo ndiyo tarehe ya kuanzia kuhesabu. Tuseme umelipa tarehe 3 Machi. Kati ya siku ya 18 na ya 24, yaani 21 hadi 27 Machi, angalia kama kola itapiga tena. Ikipiga, hakushika. Isipopiga, ni dalili nzuri, lakini usisherehekee bado. Daktari amkague akifikisha miezi 2 au 3. Na kama amekubali, tarajia ndama kuanzia tarehe 11 Desemba, Boran wanaweza kuchelewa siku kadhaa. Yote haya kutoka kwa ujumbe mmoja ambao kwa kawaida ungefuta.

Ndiyo maana tunakuomba usirundike malipo. Ile tabia ya "daktari, nitakulipa wote watano mwisho wa mwezi" inafanya tarehe zote tano zipotee. Lipa kila ng'ombe kivyake, siku yake. Kama analipwa kwa paybill, pale kwa nambari ya akaunti andika nambari ya ng'ombe. Kama ni till au nambari ya kawaida, sambaza ule ujumbe wa malipo kwako mwenyewe ukiongeza jina la ng'ombe na nambari iliyo kwenye ule mrija wa mbegu. Nambari hiyo ni muhimu. Inakuambia ni fahali gani, na miaka miwili mbele utaihitaji ili usije ukampandisha binti na baba yake. Kenya tumekuwa na kituo cha mbegu Kabete tangu 1946, ambacho leo kinaitwa KAGRC, kwa hivyo kuuliza fahali ni nani na katoka wapi si ujuaji. Ni haki yako kama mnunuzi. Asiyetaka kukuonyesha mrija, usimlipe.

Malipo ukiwa mbali yana adabu yake pia. Daktari anaweza kusema tuma kwanza ya mafuta. Sawa, kama mnajuana. Tuma nauli tu, ile ya huduma ingoje mchungaji akupigie aseme kazi imekwisha. Na weka akiba kidogo kwa simu kwa ajili hiyo tu. Joto halijui mwisho wa mwezi.

Kabla hujatuma hata shilingi

Kola nyingi zinauzwa kupitia kurasa za mitandao ya kijamii, na kurasa hizo si zote za wauzaji. Mtindo tunaouona ni ule ule wa simu na magodoro: picha nzuri, bei ya chini kuliko wote, "zimebaki 4 tu", halafu tuma amana kwa nambari ya mtu binafsi ili uwekewe. Biashara ya kweli inayouza vifaa vya bei hiyo inakuwa na till au paybill yenye jina la biashara. Jina linatokea kwenye skrini kabla hujathibitisha. Lisome. Kama tangazo linasema kampuni na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, bonyeza ghairi. Na mtu akikupigia baadaye akisema laini ya kola yako inafungwa, taja PIN ili aifungue, kata simu. Kola haina haja na PIN yako, wala sisi hatuwezi kukuuliza.

Uliza kuhusu ada ya kila mwezi kabla ya bei ya kifaa. Mifumo mingi haina maana bila usajili, na ukisahau kulipa inazimika kimya kimya. Ile laini iliyo ndani ya antena pia inataka bando. Isajiliwe kwa jina lako, si la fundi aliyekuja kuifunga, na umpangie malipo ya kujirudia ili isikatike wiki ambayo ng'ombe 5 wako kwenye joto.

Usinunue za kundi zima mara moja. Ng'ombe mwenye mimba hahitaji kola ya joto. Ukiwa na 30, kola 10 au 12 za kuzungusha zinaweza kutosha: anavaa akifikisha wiki 5 baada ya kuzaa, anavuliwa daktari akishathibitisha mimba, anavaa mwingine. Hereni haziwezi kuzungushwa hivyo, kwa hivyo hapo kola inashinda.

Na sasa jambo ambalo huenda halitarajiwi kutoka kwetu: usinunue vifaa hivi kwa mkopo wa simu wa siku 30. Angalia ile tarehe ya 3 Machi tena. Ndama anazaliwa Desemba, anaachishwa kunyonya akiwa na miezi 7 hivi, yaani unamuuza Julai ya mwaka unaofuata. Ni miezi 16 tangu ulipe. Mkopo wa mwezi mmoja hauwezi kungoja ng'ombe, na adhabu za kuchelewa zitakula ndama kabla hajazaliwa. Funga akiba ya miezi 6 kwenye simu, au muulize muuzaji kama anakubali kulipwa kwa awamu, au mkae majirani wanne mgawane antena moja na daktari mmoja.

Jaribio la mwisho halina gharama. Jioni ya leo, ng'ombe wakiwa wameingia, mwambie anayekuchungia asimame katikati ya boma na simu yake akutumie arafa. Kama imekufikia, uliza bei. Kama imekwama mpaka apande kile kilima, mwambie muuzaji hivyo hivyo, na umwache akueleze antena yake itasimama wapi.